Gari Yangu Ilivyopita Pale Wengine Waliporudi

Section 58, Nakuru
Februari 2008

Kwa dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako Mwadime, mtu ambaye kwa sasa mji huu wa Nakuru, kuanzia Milimani kwa matajiri mpaka huku kwetu, hauwezi kupanga jambo bila kuuliza kwanza, "Mwadime anasemaje?" Hata wakubwa wa polisi wakifika kwa geti yetu hupunguza mwendo. Wifi yako anasema ni kwa sababu ya tuta. Muache.

Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu alizaa? Huku tuko hai. Binti yako Mghoi yuko hapa kwangu, na mjukuu wako Kito amekula ugali wangu wote saa hizi. Nakuambia hiyo kwanza ndio haya mengine usome ukiwa umekaa.

Nilipata ule ujumbe wako wa simu: "Wewe si una gari? Mbona huniletei mtoto nyumbani?" Dada, maneno yako yalinichoma. Kwa hivyo nimeshika kalamu nikueleze yote, kwa sababu simu inakula pesa na hii hadithi ni ndefu.

Gari yangu umeiona kwa picha tu. Ni ile four-wheel ya familia, si kubwa kama za wabunge wala si ndogo kama za walimu, na spea imeibeba mgongoni kama mama na mtoto. Niliinunua kwa bosi wangu, yule mzee wa Kisikh mwenye yadi ya mbao, na yeye aliiagiza kutoka Japani. Ukiiwasha, kuna mama ndani ya dashibodi anaongea Kijapani kwa adabu sana, kama anakukaribisha chai. Hakuna fundi Nakuru hii ameweza kumnyamazisha. Redio nayo ni ya huko kwao. Inaishia pale stesheni zetu zinapoanzia, kwa hivyo inashika upepo tu.

Sasa, ile Jumapili vurugu za kura zilipofika Naivasha, Mghoi alinipigia asubuhi kutoka Karagita huko huko, kwa kile chumba chake karibu na mashamba ya maua. Bwanake Mwakio alikuwa amekwama Mombasa na lori.

"Mjomba, watu wanahama," akasema, sauti iko chini. "Mwenye ploti amesema kila mtu ajipange."

"Funga mlango. Nakuja."

Wifi yako akasimama mbele ya gari na mwiko mkononi. "Ngoja tusikie habari kwanza, barabara ikoje."

"Habari nitasikia kwa gari," nikamwambia, nikaondoka. Njia nzima nilisikia upepo. Baadaye nimeambiwa kila redio ya Kenya ilikuwa inasema hiyo barabara watu wasiikanyage.

Kwenda, nilienda mwendo ambao nikikuambia hutaamini. Upepo ulinitoa machozi na madirisha yamefungwa! Lakini dada, ile barabara ilikuwa tupu vibaya. Pale Elmenteita punda milia walikuwa wanavuka polepole kama wenye nchi. Hapo ndipo nilikumbuka mwiko wa wifi yako.

Karagita watu walikuwa wanatembea na magodoro kichwani, hakuna anayesalimia mwenzake. Mghoi alikuwa mlangoni na Kito mgongoni. Nyuma yake amesimama mwanamke mnene, ameshika mkoba mdogo. Ni jirani yake, wanamuita Mama Brayo. Nilimjua kwa sababu nikitembea huko ananipikia samaki. Watu wa kwao ndio walikuwa wanatafutwa barabarani siku ile. Watoto wake alikuwa amewaacha kwa nyanya yao tangu Krismasi, shukuru Mungu.

"Mjomba, Mama Brayo tunaenda naye."

"Hii gari ni ya familia, Mghoi."

"Mimi nikiwa zamu, Kito akiugua, ni nani hukaa naye? Hiyo si familia?"

Mama Brayo akasema, "Mzee, kama ni shida niache tu. Sitaki uuliwe juu yangu."

Mimi si mtu wa kubishana na wanawake wawili. Nikafungua mlango wa nyuma. Yule mama akalala pale kwa mizigo, akajikunja mpaka akawa kama furushi la nguo. Tukaweka godoro juu yake, na blanketi, na sufuria juu ya blanketi.

Naivasha tulipita. Mbele kidogo, kabla ya Gilgil, nikaona moshi wa matairi. Mawe na gogo barabarani, vijana wengi kama nzige, panga na rungu mkononi. Mbele yangu kulikuwa na pikapu. Ikasimama, halafu ikarudi kinyumenyume mpaka ikapata nafasi ya kugeuka, ikatupita mbio, dereva akitupungia mkono turudi. Gari iliyokuwa nyuma yangu nayo ikarudi. Tukabaki sisi peke yetu.

"Mjomba, geuza," Mghoi akaninong'oneza.

"Mwanaume wa ukoo wetu hageuzi."

"Mjomba, kuna mtu huko nyuma! Geuza!"

Nikaenda mbele polepole.

Kijana mmoja amefunga sweta kiunoni akapiga bonet kwa ubapa wa panga. "Zima hiyo!" Nikazima. "Kitambulisho." Nikampa. Akakisoma kama mtu anayesoma hukumu. "Mwadime. Hii ni jina ya wapi?"

"Taita."

"Taita ni wapi?"

"Karibu na Voi, kijana yangu. Kule ndovu ni wengi kuliko watu."

"Mimi si kijana yako. Mlipigia nani kura huko?"

Hapo nilimtazama kwa macho makali mpaka akaangalia chini. Mghoi akikuambia nilikuwa natetemeka, mwambie ni gari ilikuwa inatetemeka. Najua ilikuwa imezimwa. Gari nzuri hutetemeka hata ikizimwa.

"Nyuma kuna nini?"

"Godoro na sufuria."

Akazunguka. Nikamwona kwa kioo, ameweka uso kwa dirisha la nyuma. Kito naye akageuka akaangalia godoro na kufungua mdomo. Mghoi akamvuta, akamkandamiza uso kifuani, akaanza kumwimbia. Wimbo wenyewe hauna maneno, dada, ni meno tu yanagongana.

"Mzee! Fungua huku!"

Ufunguo wa nyuma ndio huo huo wa kuwashia. Mkono wangu ukaenda kuutoa, lakini badala ya kuutoa nikauzungusha. Yule mama wa Kijapani akaanza, wazi kabisa, na adabu yake yote.

Vijana wakaruka nyuma. "Nani huyo anaongea?"

"Ni gari," nikasema.

"Inasema nini?"

"Sijui. Ni Kijapani."

Halafu mmoja aliyekuwa amekaa kwa gogo, mkubwa wao nafikiri, akaanza kucheka. "Muulize yeye ni kabila gani!"

"Mathe, toa kitambulisho!" mwingine akapiga kelele kwa dashibodi.

"Alipiga kura wapi huyu?"

"Mzee, rudia. Mwambie atusalimie."

Nikazima, nikawasha. Mama akaongea tena. Wakacheka wakishikana mabega, na panga bado ziko mkononi. Yule wa sweta aliyekuwa nyuma akaacha mlango, akaja kusikiliza na yeye. Nikawasha tena. Dada, niliwasha ile gari mara nyingi kuliko mtu anavyoamkia jamaa zake matangani.

"Wachana na huyu mzee wa Mjapani," yule mkubwa akasema. "Apite."

Wakasukuma gogo kidogo. Nikapita na kusugua jiwe, alama iko mpaka leo.

Halafu Mghoi akaita, "Mama Brayo?" Kimya. "Mama Brayo!" Kimya. Akaanza kulia, akidhani amekosa hewa. Sikusimama, ningesimama wapi? Gilgil ilipobaki nyuma ndio sauti ikatoka chini ya godoro: "Mzee, hii sufuria iko na kona."

Tulimfikisha kanisani hapa mjini, kakake akaja kumchukua. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, na samaki ameniahidi.

Nisalimie mama yetu mkubwa, mpishi wa matanga yote, na shemeji mwenye mashine ya kusaga, na yule fundi cherehani aliyeniambia siwezi kumiliki hata baiskeli. Yeye msomee hii barua kwa sauti.

Hapa ndipo nilikuwa nataka kuweka sahihi. Lakini wifi yako ameisoma na anasema hanunui stempu mpaka nikuambie ni kwa nini siwaleti. Haya.

Dada, sijui kurudisha gari nyuma. Mbele naenda sawa. Nikiweka kwa ile herufi ya nyuma, gari inalia ti-ti-ti na mikono inasahau kulia ni upande gani. Leseni ni halali, lakini mtihani ulikuwa wa ubao wenye mji umechorwa, na kagari ka kuchezea. Nikikosea, nilikainua kwa vidole nikakageuza. Siku ile tulipofika nyumbani, kwa hofu, niliingiza gari moja kwa moja katikati ya tangi la maji na ukuta. Imeangalia ukuta mpaka leo. Majirani nimewaambia nimeificha.

Mwambie Mwakio aje na basi, anitolee hiyo gari, awachukue mke na mtoto. Lakini aje asubuhi Mghoi akiwa sokoni. Kila mtu hapa anaambiwa na yeye kwamba mjomba wake alikataa kugeuza ili Mama Brayo afike salama.

Ndugu yako,
Mwadime