Jicho la Kushoto la Nasra

Bagamoyo mjini,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa salama, mguu umepungua uvimbe, na baba ameacha kupanda kwenye kahawa na kile kikohozi chake. Mvua huko zimeanza? Huku joto limekaza, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake umeshaisikia, ila umeisikia vibaya.

Dada Kolumba, binti wa shangazi, alinipigia kutoka Dar akaniambia habari zimefika nyumbani kwamba nimempofusha mtoto wa watu kwa taa za studio. Akasema uliposikia ulikaa chini palepale uani. Mama, siku ile nilikupigia. Nilisikia sauti yako, nikashindwa kusema, nikakata. Nisamehe. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa mwalimu mmoja wa kwetu anayekwenda kupandia basi Chalinze. Isome mpaka mwisho, usiishie katikati.

Unajua nafanya kazi kwa Bi Zuhura, mwenye studio ya picha. Zamani picha za pasipoti na za Idd zilitosha kutulisha. Sasa watu wa harusi wanataka video, na wanataka ukumbi uonekane kama mchana. Basi Bi Zuhura akakubaliana na muuzaji mmoja wa Kariakoo atuazime vifaa tuvijaribu kabla ya kununua. Vikaja kamera mbili, lenzi za aina mbalimbali, taa za stendi na flashi kubwa.

"Tina," akaniambia, "utakayevitumia ni wewe, basi uchague wewe. Ukichagua vibaya usije kunililia."

Nilifurahi kama mtoto, Mama. Kamera moja ilikuwa nzito, picha zake safi, lakini video inatikisika. Nyingine ndogo, imetulia mkononi, inaona hata penye mwanga hafifu. Lenzi ya kuvuta ilinifikisha mbali mpaka nikahesabu njiwa kwenye paa la ng'ambo ya barabara. Ile fupi haivuti kitu, lakini inakusanya mwanga mwingi na uso unatoka laini. Taa ndizo zilizonisumbua. Moja ilitufanya sote tuwe wa kijivu kama tumepakwa majivu. Nyingine ilimpa kila mtu weusi wake mwenyewe, mpaka Bi Zuhura akajitazama kwenye kioo cha kamera akasema, "Huyu sasa ndiye mimi."

Nilihitaji mtu wa kumpiga picha, na karibu alikuwapo Nasra. Ni mtoto wa Mwajuma, mshonaji wa duka la jirani. Hajatimiza miaka miwili. Mama yake akiwa kwenye cherehani, yeye huja studio kuvuta waya zetu. Nikamwomba Mwajuma, akakubali, akaja kusimama mlangoni na futi ya kupimia ikiwa shingoni.

Nilianza na taa yenye mwavuli wa kulainisha mwanga. Picha zikatoka nzuri. Kisha nikafunga mapazia ili chumba kiwe kama ukumbi wa usiku, nikaweka flashi juu ya kamera, nikambonyezea.

Flashi ikipigwa gizani macho hutoka mekundu, sote tunajua. Jicho la kulia la Nasra lilitoka jekundu. La kushoto lilitoka jeupe. Jeupe pe, linang'aa kama jicho la paka lililomulikwa tochi.

Mwajuma akacheka. "He! Mwanangu kawa jini?"

Nami nikacheka. Nikailaumu lenzi, nikasema ina mkwaruzo. Nikaweka nyingine. Jeupe. Nikabadilisha kamera, nikarudia kila upande aliogeukia. Jeupe, na ni lilelile la kushoto. Nikachukua simu yangu mwenyewe. Jeupe. Nikampiga Mwajuma, macho yake yote mekundu. Nikampiga Bi Zuhura, yote mekundu. Hapo hakuna aliyecheka tena.

"Rangi tu hiyo," Bi Zuhura akasema. "Utairekebisha kwenye kompyuta." Na mimi kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kufutia.

Ndipo Mwajuma akasema kwa sauti ya chini, "Tina, hilo jicho huwa linakimbilia puani. Mama mkwe anasema ni kengeza la utoto, litaondoka. Na mara nyingine nikimnyonyesha jioni, naona kama kuna kioo ndani."

Sijui nani alinituma, Mama. Nilichukua biskuti, nikamziba Nasra jicho la kushoto kwa kiganja. Akainyakua biskuti na kucheka. Nikamziba la kulia, nikamnyooshea nyingine. Akasimama tu. Biskuti iko mbele ya pua yake, nayo mikono inapapasa hewani. Kisha akalia, akaung'ang'ania mkono wangu auondoe.

Mwajuma alinipokonya mtoto, akatoka mbio, akasahau viatu.

Kesho yake asubuhi alikuja mume wake, Shabani. Ni mkulima wa mananasi wa Zinga, mtu mpole ambaye hunipa salamu ya kwanza kila tukikutana. Siku ile hakunisalimia. Alikuja na ndugu zake, na watu wa barabarani wakawafuata.

"Mwanangu katoka kwangu na macho mawili," akasema. "Karudi kutoka kwako na moja. Nani alikupa ruhusa ya kumwashia radi usoni?"

"Kaka Shabani, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Mama yake kaona! Ulimpiga na hilo limwanga tena na tena!"

Nilitaka kujitetea, nikarudi nyuma hatua moja. Kwa sababu ni kweli nilimpiga tena na tena. Mama, hicho ndicho kilichonitisha kuliko kelele za watu. Nilijiuliza: na kama ni kweli? Kama nilipokuwa natafuta lenzi nzuri ya harusi za watu, nilikuwa nachoma jicho la mtoto? Mtendaji wa mtaa akaitwa, akaamuru studio ifungwe mpaka mambo yajulikane. Nadhani ndiyo saa ile habari zilipoanza safari ya kuja kwenu.

Aliyeniokoa ni Mwajuma. Alipita katikati ya wale wanaume, mtoto mgongoni, akanishika mkono. "Twende hospitali. Maneno yatatusubiri." Shabani akafuata nyuma, anasema anakuja kusikia kwa masikio yake nikihukumiwa.

Daktari wa macho wa hapa alimulika jicho kwa taa ndogo, akamulika tena. Akatuandikia twende hospitali kubwa Dar, na twende bila kuchelewa. Njia nzima Nasra alilala juu ya mapaja yangu.

Dar alitupokea daktari mwanamke. Walimpima Nasra kwa mashine, wakamlaza kwa dawa ili wamtazame vizuri, kisha daktari akatuita chumbani.

"Nani aliligundua hili?"

Nikainamisha kichwa. Shabani akaninyooshea kidole. "Huyu. Ndiye aliyemchoma na flashi yake."

"Hapana, baba," daktari akasema. "Flashi haifanyi hivi. Kitu hiki kimekaa ndani ya jicho kwa miezi. Mwanga umekigonga na kurudi, basi. Kama si picha ile, mngekuja kwangu kimeshafika ubongoni."

"Kitu gani?"

"Saratani."

Shabani alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. "Saratani ya jicho? Kwa mtoto anayenyonya?" Mimi mwenyewe, Mama, sikuwahi kusikia kitu kama hicho tangu nizaliwe. Nilijua saratani ni ya watu wazima. Nilihisi ukuta unanisogelea.

Halafu daktari akasema jicho lile haliwezi kuokolewa, ni lazima litolewe.

Shabani aliteremka kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni. Akasema hapana. Akasema atamrudisha mtoto Zinga, atatafuta dawa, kuna watu Mkange wanajua mitishamba, hawezi kuwapa watu kisu wamtoboe mwanawe. Akatoka chumbani. Sisi tukamfuata ukumbini, tukamkuta ameketi chini. Nilitaka kusema neno nikaona sina haki.

Mwajuma alichuchumaa mbele yake. Wala hakupandisha sauti. "Baba Nasra, biskuti hakuiona. Nilikuwapo. Jicho lile limeshakwenda, hakuna wa kulirudisha. Sasa tunachong'ang'ania ni jicho, au ni Nasra?"

Shabani alilia mbele ya watu wote, mwanamume mzima, kofia mkononi. Kisha akainuka akaenda kutia sahihi.

Sitakueleza ya siku ya upasuaji. Nilisali rozari mpaka midomo ikakauka, na upande wa pili wa benchi Shabani alikuwa anavuta tasbihi yake. Alipotoka daktari, alisema wamelitoa lote, na vipimo vilipokuja vikaonyesha saratani haikuwa imevuka nje ya jicho. Nasra yuko hai, Mama. Atakuwa akirudi kuchunguzwa jicho lililobaki, na kidonda kikipona watamtengenezea jicho la bandia. Mimi na Mwajuma tulikumbatiana mpaka muuguzi akatuomba tuwapishe njia wenye machela.

Tuliporudi Bagamoyo, Shabani hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa mtendaji, akaomba waitwe watu walewale waliokuwapo siku ya ugomvi. Akasimama mbele yao.

"Nilimsingizia huyu dada hadharani," akasema, "na hadharani naomba radhi. Aliyempigia mtu simu kwa maneno yangu, ampigie tena."

Studio ikafunguliwa. Sijui kama waliopiga simu mara ya kwanza walipiga tena. Huko kwetu Mbinga hamjafikiwa na habari hiyo, ndiyo maana mkono wangu unaandika.

Vifaa vilikuwa bado vinatungoja. Nilichagua ile kamera ndogo, lenzi fupi, na taa inayompa kila mtu weusi wake. Flashi nilimwambia Bi Zuhura airudishe, maana sitaki kuishika tena. Akanitazama, akaiweka kabatini, hakuirudisha.

Ijumaa iliyopita Shabani na Mwajuma walifanya kisomo cha kushukuru nyumbani kwao Zinga, wakaniomba nikapige video. Nilikwenda na taa moja tu. Nasra alikuwa na bendeji safi na gauni la manjano aliloshonewa na mama yake, anakimbia kati ya masufuria ya pilau, anaangukia upande ule asioona, anainuka, anakimbia tena.

Watu walipokwisha kula, Shabani akanijia. "Flashi iko wapi?"

"Nimeiacha studio, kaka."

"Kaifuate. Wapo watoto wengi hapa."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Akatoa pikipiki yake mwenyewe, tukaenda, tukarudi nayo. Wakatundika kanga kwenye madirisha ya chumba ili kiwe giza, na akina mama wakaanza kuingia mmoja mmoja na watoto wao. Wengine ni walewale, Mama, walionipigia kelele pale studio. Niliwaambia kabla: picha si daktari, ikitoka safi siyo cheti, na mtoto mwenye kengeza apelekwe hospitali hata hivyo. Wakasema wamesikia, piga.

Kila nilipobonyeza niligeuza kioo cha kamera. Mama wa mtoto analeta shavu lake karibu na langu tutazame pamoja. Mekundu. Anatoka, anaingia mwingine. Mekundu. Mmoja aliposogea alikuwa anatetemeka hata nikamshikia mtoto mimi, Shabani akabonyeza. Yote mawili mekundu. Yule mama akapiga vigelegele, na wa nje wakampokea.

Mama, ndiyo yaliyonipata. Mtu yeyote akija hapo na maneno mengine, msomee barua hii.

Nisalimie baba, mwambie aende hospitali na kikohozi kile, sasa simsihi tena, namwamuru. Nisalimie bibi mzaa baba, kaka Fidelis na wifi, na mtoto wao niliyemwacha tumboni. Msalimie pia mama mdogo wa sokoni, najua naye alilia. Shangazi mwambie simlaumu Kolumba, aliambiwa naye akasema.

Nakubusu mikono yako yote miwili.

Ni mimi binti yako,
Kristina