Figo la Hoza

Jumatatu, 3 Juni
Nimemeza vidonge vya figo, nimepalilia karoti. Baridi ya Magamba mwaka huu inauma mpaka meno. Tangu jana natetemeka. Mama anasema mafua. Sawa.

Alhamisi, 6 Juni
Homa. Zahanati wamepima malaria, hakuna. Wamenipa dawa ya taifodi. Chini ya mbavu za kulia panauma nikivuta pumzi. Kaka Hoza sijamwambia. Figo ninaloishi nalo alinipa yeye. Akisikia naumwa ataacha kazi ya mkonge kule Mazinde apande huku mlimani.

Jumapili, 9 Juni
Macho yamekuwa ya njano. Mama amempigia Hoza bila kuniuliza. Nimekasirika.

Jumanne, 11 Juni
Hospitali ya rufaa. Hoza ndiye aliyenileta. Utrasaundi imeonyesha jipu ndani ya ini. Wamenitoboa ubavuni, wameweka mrija. Usaha unashuka kwenye mfuko. Sitaki kuutazama.

Ijumaa, 14 Juni
Majibu ya maabara yametoka. Bakteria wa nadra, anakaa udongoni. Mwenye kinga nzuri hamsumbui. Mimi kinga yangu inashushwa na vidonge kila siku, mwili usije ukalikataa figo. Sasa daktari anataka kuvipunguza, kinga ipande ipigane. Figo linaweza kufa. Nimekataa.

Hoza alikuwa amekaa miguuni pangu.
"Zaina, unalinda nini?"
"Figo lako."
"Langu ni hili lililobaki kwangu. Hilo nilikupa. Sikukuazima."
Nimelia. Kisha nimemwita daktari, nimekubali.

Jumamosi, 15 Juni
Homa ileile. Naogopa.

Jumatano, 19 Juni
Homa imeshuka. Uji umekaa tumboni.

Jumatatu, 24 Juni
Mrija umetolewa. Ini linapona. Figo limeyumba. Daktari anasema linafanya kazi, ila halitadumu kama tulivyotarajia. Vidonge vya kushusha kinga vimeongezwa tena, ila vichache kuliko zamani.

Jumamosi, 6 Julai
Nyumbani. Dawa za bakteria naendelea nazo miezi kadhaa. Shambani nisiingie kwanza. Baadaye glovu na buti. Hoza alikuwa jikoni na Mama, anamenya viazi. Nimemwambia maneno ya daktari kuhusu figo, yote. Ameitikia, "Haya." Akaendelea kumenya. Nimechukua kisu, nimekaa karibu naye.