Plagi Niliyoichomoa

Naryn, Jumapili

Kaka Temirlan,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kompyuta yako haijawahi kuharibika. Mara zote nne ni mimi niliyechomoa ile plagi ndogo uliyoichomeka nyuma ya kompyuta ili idhani imeunganishwa na skrini. Nilijua picha ikikupotelea huko Moscow, utapiga simu.

Bila hivyo hupigi. Sikulaumu, unatoka ghalani umechoka, kisha unaanza kuchora majengo yako kwa kompyuta uliyoiacha huku, ukiiendesha kwa mtandao. Ila picha ikipotea, simu inalia:

“We Begaiym, umeigusa tena?”

“Labda paka.”

“Paka gani huyo mwenye vidole?”

Na Mama kutoka jikoni: “Muulize kama amekula!” Siku hizo tu ndipo anapomaliza supu yake.

Makaa ya mawe nabeba mimi, ng’ombe nakamua mimi, na vitabu navisomea kwenye foleni ya hospitali. Daktari anasema uvimbe wa tumboni mwa Mama ukatwe mwezi huu, hospitali ya Bishkek, na anataka ndugu mtu mzima atie saini; mimi umri wangu haujafika. Mama alinikataza kukuambia, na kwenye simu hakai mbali nami. Nimechoka kunyamaza. Njoo, Kaka.

Plagi sitaigusa tena.

Nilipofika hapa katika kuandika, nilimsomea Mama barua yote. Akasema niongeze salamu zake. Nimeziongeza. Nimekwenda kwa jirani yetu Sapargul, anayesafiri kesho kuja huko, nikamwomba aibebe. Niliporudi nilimkuta Mama anakunja nguo zake za safari ya Bishkek, nikakaa chini kumsaidia.

Mdogo wako,
Begaiym