Hakutazama Mamba

Jumamosi usiku, Ngao

Na yule dada wa kwenye filamu ya leo mchana akajirusha mtoni hivihivi! Rehema, binti yangu, akapiga makofi. Ndiye anayempenda kuliko mashujaa wote wa kike, hata wale wa katuni wanaopaa. Mama yangu akasema tu, "Hakutazama mamba." Watoto wote pale kwa jirani wakamcheka. Iliniudhi.

Jioni nikamkuta Rehema amesimama mtoni, maji magotini, anachota kwa ndoo. Kata yetu ya mpini mrefu, ya kuchotea ukiwa juu ukingoni, ameiacha nyumbani. Nilimpigia kelele mpaka akatoka majini.

"Shujaa haogopi, mama," akanijibu.

Nilishainua mkono nimchape. Mama, aliyesikia kelele akaja, akanizuia, kisha akakunja mkono wa gauni lake. Lile kovu. Tangu utotoni nilijua ni la uji wa moto.

"Mimi niliogopa," akamwambia mjukuu wake. "Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini mamba alikuwa anamjia mama yako, hata kutembea hajajua vizuri. Nikautanguliza mkono wangu."

Mimi? Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Ungeuogopa mto. Na shamba letu liko mtoni."

Rehema akaenda kuleta kata bila kuambiwa.

Mimi usingizi hauji. Kila siku jikoni namwambia, "Mama, kaa mbali na moto, utaungua tena." Naye husogea.