Mkono wa Bibi Umebaki Hewani

Rwamishenye,
Bukoba.
19 Novemba 2024.

Mpendwa dada Elieth,

Shikamoo dada. Hujambo huko Songea? Shemeji na mtoto wazima? Sisi tupo, tunapumua. Biashara ya senene inanitoa, ila mwaka huu panzi hao nawala kuliko ninavyowauza, usimwambie mke wangu.

Nimeandika maana kwenye simu ningekuchekesha tu, tungekata bila kusema. Ni habari za Bibi.

Unajua tangu macho yazimike anatujua kwa mikono. Unampa mkono, anapapasa vidole, anakutaja jina. Mimi huniambia kiganja changu laini kama cha padri, jembe nimelisikia redioni.

Sasa korona imeondoka, ndoo ya koki pale dukani kwao Bibi, Kimwani, ni kavu, buibui wamejenga ndani, hakuna anayenawa. Ila mikono haikurudi. Mtu anapunga kwa mbali, "Bibi, nimekusalimia!" huyo anapita. Sasa yeye kupungiwa ataonaje, dada yangu waitu?

Jumapili nilimpeleka kanisani. Ilipofika kupeana amani watu wakaanza kuinamishiana vichwa kama mijusi. Bibi akanyoosha mkono kushoto, hola. Akanyoosha mbele, jirani yake Annastella akainama kwa heshima zote, mkono wa Bibi ukabaki hewani. Nikaudaka mimi.

Njiani akaniuliza, "Hawa nimewakosea nini?"

"Ni korona, Bibi."

"Si mlisema imeisha?"

Nikamshika kiwiko, nikamfikisha kwake. 

Nyumbani nikampa mkono wa kuaga. Akaupapasa kidole kwa kidole, uso ukamchangamka. Akasema, "Julius, umechelewa." Jina la baba yetu! Huyo tuliyemzika wakati ule wa korona bila hata kuugusa mwili. Sikumsahihisha. Nilikaa pale mpaka akauachia mwenyewe.

Mikono ya watu inamtoka kichwani, dada, maana haipati tena. Mimi nakwenda kila nikipata nauli, lakini mkono mmoja hautoshi. Njoo Krismasi. Ukifika usijitaje, mpe mkono tu. Na akikutaja jina la mtu mwingine, usiuondoe.

Msalimie shemeji Lameki, na Esther mwambie mjomba anamwekea senene kama hatajiibia. Mungu awashike mkono, maana sisi huku tumeacha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Audax