Saa za Msibani

Eveline, eti mchumia juani hula kivulini. Uongo! Hapa jijini anachuma wa juani, anakula wa kivulini.

Leo kulikuwa na kikao cha kupanga malipo yetu sisi wafagiaji tunaolipwa kwa saa. Bima hakuna, likizo hakuna.

Ndipo Yunisi, aliyemzika mama yake juzi juzi huko kwao Rujewa, akauliza kama saa za msiba zitalipwa. Afisa wetu Vitus akacheka. AKACHEKA, Eveline! "Mama, jiji halilipi machozi."

Machozi!

Nikasimama. "Bosi, mama mkwe wako alipofariki ulitutoa barabarani na sare zetu, tukakumenyea vitunguu na kukutekea maji. Saa zote ukasaini ni za kazi. Jiji lililipa machozi ya nani siku ile?"

Mama mmoja huko nyuma akadakia, "Na masufuria tulisugua!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Baadaye Vitus akaniita ofisini: nimwombe radhi mbele ya wote, la sivyo nirudishe sare. Yunisi mwenyewe ananisihi niombe tu yaishe.

Nimeshamjibu Vitus, usoni kabisa. Sare atapata. Radhi siombi.