Mtoto Asipewe Jina Langu

Kilole, Korogwe
Jumatano, 9 Oktoba 2024

Kaka yangu Sadala,

Assalamu alaikum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hamisa na mtoto, na mama pia, ambaye nasikia mguu umeanza kumsumbua tena kila mawingu yakijikusanya. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Maryamu anawasalimu, na anauliza kama shemeji bado anameza zile dawa za kuongeza damu au ameanza kuzificha chini ya mto kama alivyokuwa akifanya hapa kwetu. Mimi afya ninayo, ila nimechoka, kaka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka.

Najua utashangaa kuletewa barua na konda wa basi wakati simu zipo. Lakini wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa mpaka mbuzi wasikie, na haya nataka uyasome peke yako kwanza, kisha umsomee Hamisa. Tena mwaka huu nimeandika maneno mengi mno kwenye simu na kompyuta, mengine hata mimi mwenyewe siyaamini. Nimechukua karatasi ya dukani na kalamu, niandike polepole.

Habari ya akika niliipata. Ulisema itakuwa Ijumaa ya tarehe kumi na nane, mbuzi wawili wamekwisha kupatikana, na lile jina mlilolichelewesha mpaka Hamisa apone mmekubaliana liwe langu, Twaha, kwa sababu bila mimi na wenzangu wa blogu mke wako asingerudi Sindeni akiwa hai. Mama naye akaidakia simu, akasema nije na kanzu nyeupe. Nikasema asante.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengi ulisimuliwa na watu. Unajua kwamba mwaka huu sisi wenye blogu wa Korogwe na Handeni tuliamua kushikamana. Tuko kumi na mmoja, na kabla ya hapo kazi yetu kubwa ilikuwa kuibiana habari na kununiana. Aliyetukusanya ni Yasinta, yule dada wa Mkata anayeandika bei za mahindi na ajali za barabara kuu. Alisema amechoka kuandika kila mara kwamba fulani amefariki kwa kukosa damu. Tukakubaliana kwamba siku moja, saa ileile, sote tuandike jambo moja tu: watu wajitokeze kuchangia damu. Yasinta akaweka na sharti. Asiandike mtu ambaye hajatoa yake kwanza, na kila mmoja aweke picha yake akiwa amelala kitandani, mkono umenyooshwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Wauguzi walitandika vitanda chini ya hema karibu na stendi ya Korogwe, na watu wakaja kuliko tulivyotegemea. Picha yangu uliiona, uliniambia uliwaonyesha wenzako wote pale Sindeni, ukawasimulia na kile kisa cha mimi kukimbia sindano ya zahanati nikiwa darasa la pili, ulivyonitoa ndani ya kihenge nikiwa nimejaa punje za mahindi kichwani. Ukasema sasa mdogo wako amekuwa mwanamume. Picha hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko za wenzangu wote. Waliichapa kwenye bango, wakalitundika hospitalini.

Baada ya siku sita ikaja Ijumaa ya Hamisa. Alikuwa kwetu tangu Julai, maana baada ya miaka tisa ya kungoja hamkutaka kubahatisha. Alijifungua saa nne asubuhi, mtoto akalia vizuri, Maryamu akapiga vigelegele. Kisha damu ikakataa kukatika. Saa tano muuguzi akatoka kuuliza ndugu wa Hamisa ni nani, nikasimama. Alisema kundi lake ni O, na chupa mbili zilizokuwapo zimekwisha kutumika. Zile za kampeni yetu zilikuwa zimepelekwa kupimwa kwenye maabara kubwa, zilikuwa hazijarudi. Maryamu ananyonyesha, hakufaa. Yule muuguzi akanitazama, akanifahamu kutoka kwenye bango. Akaniambia kwa upole kwamba mimi nimeshatoa juzi tu, na mwanamume akitoa hungoja miezi mitatu, basi nitafute wengine haraka.

Nikatoka nje na simu. Niliandika kwenye kundi letu, nikaandika kwenye blogu. Ndani ya saa moja watu zaidi ya elfu mbili walikuwa wamesoma. Waliweka mioyo, waliandika amina, waliuliza ni hospitali gani wakati nimeiandika juu kabisa. Wenzangu kumi wote walikuwa tayari kuja, lakini walikuwa wametoa Jumamosi ileile. Yasinta alifika mpaka mlangoni, akabembeleza, wakamkatalia. Wewe ulikuwa njiani, unanipigia kila baada ya dakika tano kuniuliza vipi, nami nakujibu tunahangaika.

Ilikaribia saa nane Yasinta aliporudi na Mhina, fundi viatu wa stendi. Alikuwa ameacha simu, amekwenda kupaza sauti kwa mdomo wake kati ya mabasi. Mhina hajui blogu ni kitu gani, simu yake ni kitochi kilichofungwa kwa mpira. Alipoambiwa kuna mzazi anapoteza damu alimwomba jirani amwangalizie boksi lake, akaja. Wakampima, akawa O. Alitoa, akanywa soda, akatania kwamba Mzigua akitiwa damu ya Kisambaa atapanda milima bila kupumzika, kisha akarudi kwenye viatu vyake. Chupa hiyo ndiyo iliyomshikilia Hamisa mpaka nyingine zikaletwa jioni kutoka Tanga. Kizazi hakikuokolewa, hilo unalijua. Huyo mtoto ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho.

Sasa nisikilize, kaka. Jumamosi ile mimi sikutoa damu.

Nilipimwa kundi tu. Kidole nilikitoa huku nimefumba macho, wakaniandikia kadi: O. Baada ya hapo kila zamu yangu ilipofika nilimpisha mtu. Mama huyu ana mtoto mgongoni, apite. Mzee huyu anawahi basi, apite. Watu wakanisifu kwa ustaarabu. Saa kumi mifuko ya damu ikaisha, nikasikitika kwa mdomo na moyoni nikasema alhamdulillahi. Wenzangu walipokuwa wakifungasha nililala kitandani, nikaegemeza kamera kwenye begi, ile pamba ya kidole nikaihamishia kwenye kiwiko. Nilijiambia nitakwenda kutoa Jumatatu. Jumatatu ikawa na wateja dukani.

Kwa hiyo pale hospitalini, kati yetu kumi na mmoja, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na damu kamili mwilini, tena ya kundi lake. Nilitakiwa kusema neno moja, sijatoa. Nilikaa nalo mdomoni saa tatu nzima. Mwanzo niliogopa sindano. Baadaye niliogopa aibu kuliko sindano. Sijui kama chupa yangu ya saa tano ingeokoa kizazi cha mke wako. Daktari hakusema, nami sijamuuliza, kwa sababu naogopa jibu.

Tarehe ishirini na nne Septemba nilikwenda peke yangu, bila kamera. Nilitoka jasho, lakini nilitoa. Ilichukua dakika kumi na mbili, kaka. Kumi na mbili tu. Kadi yangu nimeiweka kwenye bahasha hii. Ifungue uitazame tarehe. Ni moja tu, na siku hiyo mtoto wako alikuwa amekwisha kutimiza siku kumi na nane.

Maryamu ameyasikia haya jana, kabla yako. Yasinta na wenzangu nitawaeleza Jumamosi. Nimeanza na wewe kwa sababu ni wewe uliyetaka kunibebesha heshima isiyo yangu. Nakuomba mtoto asipewe jina langu. Asije akauliza siku moja kwa nini anaitwa hivyo, halafu mkamdanganya bila kujua. Kama mnataka jina la mtu aliyemwokoa mama yake, mwiteni Mhina. Nilimdokeza, akacheka, akasema jina halimpunguzii kitu.

Msalimie mama, umpe shikamoo yangu, ila mguu wake usiujazie na habari hizi mpaka akika ipite. Shemeji Hamisa sijui nimwambie nini. Mwambie nimelia. Mungu awalindeni nyote hapo Sindeni na mvua zije kwa wakati.

Kanzu nimeifua na kuipiga pasi. Imetundikwa kabatini, na haitatoka mpaka wewe, ukiisha kusoma yote haya, uniite tena.

Ni mimi mdogo wako,
Twaha